Pesa Inayoishia Njiani

Mei Mosi 2025, mkoani Singida, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba kuanzia Julai mwaka huo kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma kitapanda kwa asilimia 35.1, kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kwa mwezi. Wafanyakazi walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Lakini laki tano hiyo haifiki nyumbani nzima. Mfuko wa pensheni wa PSSSF unachukua asilimia 5, yaani 25,000. Bima ya afya ya NHIF inachukua asilimia 3, yaani 15,000. Kodi ya mapato, asilimia 8 ya kiasi kinachozidi 270,000 baada ya kuondoa mchango wa pensheni, ni 16,400. Benki inasoma 443,600, tena kwa asiye na mkopo wala ada ya chama cha wafanyakazi. Wasio na mkopo ni wa kutafuta kwa tochi.

Mhadhara huu hauzungumzii ukubwa wa mshahara huo. Unazungumzia kinachoupata kati ya mlango wa nyumbani na meza ya kazini: nauli, chai ya saa nne, sahani ya mchana, bando, bodaboda. Ni matumizi ambayo mtu hayaandiki popote, kwa sababu hakuna hata moja linalofika elfu tano kwa mkupuo.

Ili hesabu isielee hewani, achukuliwe karani wa mfano mwenye mshahara huo. Amepanga Gongo la Mboto, kwa ndani, mwendo wa dakika ishirini na tano kwa miguu kutoka barabara ya lami. Ofisi yake iko Posta, katikati ya jiji. Anafanya kazi siku 22 kwa mwezi. Karani huyu hayupo, na bei atakazolipa ni za mfano, ila hazitamshangaza mkazi yeyote wa Dar es Salaam. Asiyekubaliana nazo aweke za kwake. Mtiririko wa hesabu hautabadilika sana.

Nauli kwanza. Hadi mapema 2022, safari ya daladala isiyozidi kilomita 10 ilikuwa shilingi 400. Mwaka huo ikafika 500. Desemba 2023, LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa nchi kavu, ikaipandisha hadi 600. Gari la moja kwa moja hadi Posta karani hulipata kwa bahati, kwa hiyo anaungaunga: moja la kumfikisha Tazara, jingine la kumfikisha mjini. Kwenda na kurudi ni 2,400, na kwa mwezi 52,800.

Halafu kuna bodaboda. Kutoka nyumbani hadi kituoni ni 1,000, na jioni 1,000 nyingine. Kwa mwezi ni 44,000. Hapa inafaa kusimama kidogo, maana kile kipande cha vumbi kisichozidi kilomita mbili kinakaribia kumgharimu sawa na lami yote ya kutoka Gongo la Mboto hadi Posta. Ukimuuliza karani nini kinammaliza, atataja nauli ya daladala, na ataitaja kwa uchungu, kwa sababu ilitangazwa redioni na watu wakailalamikia. Bodaboda haikutangazwa na mtu. Ilianza siku moja ya mvua, ikawa mazoea.

Yaliyobaki ni haya: chai na chapati mbili, 1,500 kwa siku, 33,000 kwa mwezi. Wali na mboga kwa mama lishe, 3,000 kwa siku, 66,000 kwa mwezi. Bando la intaneti la 1,000 kila siku ya kazi, 22,000. Ukijumlisha na usafiri unapata 217,800. Karani ametumia karibu nusu ya mshahara unaofika benki ili aweze kuupata tena mwezi ujao, na bado hajalipa kodi ya nyumba, hajanunua unga, hajatuma kitu kijijini.

Wenye vitabu vya kufundisha watu kutajirika wana jibu la haraka kwa hesabu kama hii. Mmarekani David Bach alijipatia jina, miaka ya mwanzo ya karne hii, kwa kuwaambia wafanyakazi wa kwao kwamba kikombe cha kahawa cha kila asubuhi ndicho kinachowanyima utajiri; aachaye kikombe hicho na kuwekeza pesa yake atastaafu akiwa na mamilioni. Kitabu chake The Automatic Millionaire kilitoka 2004 na kikauzika mno. Wapinzani hawakukosekana. Elizabeth Warren, aliyekuwa profesa wa sheria kabla ya kuwa seneta, na binti yake Amelia Warren Tyagi walikwisha kuonyesha mwaka 2003, katika The Two-Income Trap, kwamba familia za tabaka la kati za Marekani hazikuwa zikizama kwa sababu ya vijimatumizi vidogo. Zilizamishwa na nyumba, bima ya afya, gari na ada za shule. Mwandishi Helaine Olen naye, mwaka 2012, akaichambua hesabu ya kahawa katika Pound Foolish na kuona kwamba faida iliyopigiwa mahesabu ilikuwa kubwa kuliko hali halisi ya masoko.

Ubishi huo hauwezi kuhamishiwa Kariakoo ukiwa mzima. Karani wa Dar es Salaam hanywi kahawa ya anasa. Chai yake na chapati zake ni kifungua kinywa, kwa kuwa aliondoka nyumbani kabla mkaa haujashika. Lakini pia si kweli kwamba vidogo vyake ni vidogo: chai ile ni zaidi ya asilimia 7 ya mshahara unaomfikia. Ernst Engel, mwanatakwimu wa Ujerumani, aligundua mwaka 1857 kwamba kadiri kipato kinavyokuwa kidogo ndivyo sehemu yake kubwa inavyokwenda kwenye chakula, na mpaka leo hakuna aliyempinga akafaulu. Kwa mtu wa kipato hiki, swali si kama vidogo vina maana. Swali ni kipi kati yake kinaguswa bila mtu kuumia, na kwa nini hakijaguswa mpaka sasa.

Tuhuma ya kwanza huwa ni uvivu. Karani hataki kutembea dakika ishirini na tano. Mwenye tuhuma hiyo aende kijiwe chochote cha bodaboda pembezoni mwa jiji saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi, asimame pembeni, atazame. Wanaopanda si wavivu. Ni watu wanaotazama saa ya simu kila baada ya muda mfupi. Mama ameshika mtoto wa shule mkono mmoja na mfuko wa nguo za kazini mkono mwingine. Kijana wa ulinzi anaomba apelekwe kwa mia saba, dereva anagoma, wanakubaliana mia nane huku pikipiki imeshaanza kutembea. Wananunua dakika kumi na tano, kwa sababu daladala ya saa kumi na mbili kamili na ile ya kumi na mbili na nusu si magari mawili yanayopishana nusu saa. La kwanza linafika mjini saa moja na ushee. La pili likikuta foleni imekwisha kufunga, hakuna ajuaye.

Foleni imepunguzwa mahali fulani, si haba. Daraja la juu la Mfugale pale Tazara lilizinduliwa Septemba 2018, na la Kijazi pale Ubungo Februari 2021. Mabasi ya mwendokasi yanatembea katika Barabara ya Morogoro tangu Mei 2016, na awamu hiyo ya kwanza ililipatia jiji tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu kwa mwaka 2018. Bado anayetoka Gongo la Mboto, Chanika au Bunju anapanga siku yake kwa kubahatisha, na anayebahatisha hulipia bima. Bodaboda ya asubuhi ni bima hiyo.

Bima nyingine inaitwa kugeuza nalo. Msomaji wa Dodoma au Mwanza huenda asiijue, kwa hiyo inafaa ielezwe. Jioni, abiria anayetaka siti hangoji daladala kituoni anakotakiwa kungoja. Analidaka njiani likiwa bado linakwenda mwisho wa ruti, analipa nauli ya kwenda upande asiokwenda, anakaa, gari linageuza naye, kisha analipa nauli ya kurudi. Wanaofika kituo cha mwisho wakidhani watapata nafasi wanakuta siti zimejaa watu ambao hawakushuka. Nauli ni mara mbili. Kwa karani wa mfano hiyo ni 600 kila jioni atakayoamua kugeuza, na akifanya hivyo mwezi mzima ni 13,200. Washauri wa fedha wangeiita tabia ya kuachwa. Mhadhiri haiiti hivyo. Mtu aliyesimama kwa miguu kutwa nzima dukani, ambaye akisimama tena saa moja na nusu garini atafika nyumbani hana nguvu ya kupika, ananunua siti ile ili asinunue chipsi.

Kuna na nauli ya pili inayomkuta abiria bila kuichagua, ile ya gari kukatisha ruti. Gari limeandikwa Posta, likifika katikati konda anatangaza kwamba mwisho wa safari ni hapo, wanaoendelea wapande jingine. Ni kosa kwa mujibu wa leseni ya usafirishaji na LATRA huwatoza faini wanaokamatwa, ila abiria mwenye haraka hasubiri kushtaki. Analipa mara ya pili. Kiasi hicho hakikatwi kwa nidhamu ya mtu binafsi hata awe na daftari zuri la matumizi kiasi gani.

Thamani ya mia moja katika jiji hili iliwahi kuonekana hadharani. Januari 2012, nauli ya kivuko kati ya Magogoni na Kigamboni ilipanda kutoka shilingi 100 hadi 200. Wakazi walipolalamika, John Magufuli, wakati huo Waziri wa Ujenzi, aliwajibu kwamba asiyetaka kulipa apige mbizi au azunguke kwa barabara kupitia Kongowe. Kauli hiyo inakumbukwa hadi leo, wengine kwa kucheka na wengine kwa hasira. Waliolalamika walikuwa wakifanya hesabu sahihi: mia kwenda, mia kurudi, mara siku za kazi, mara watu wanne ndani ya nyumba moja.

Sasa chakula, ambacho ndicho fungu kubwa kuliko yote.

Ushauri unaosikika kila mahali ni mtu abebe chakula kutoka nyumbani. Ni ushauri mzuri, lakini hupigiwa debe kwa hesabu ya uongo, kana kwamba chakula cha nyumbani ni cha bure. Mama lishe anayepikia watu mia moja kwa moto mmoja ananunua mchele kwa gunia, nyanya kwa tenga Ilala au Buguruni, na samaki soko la Feri asubuhi na mapema wakati wenye ofisi bado wamelala. Anayeishi peke yake chumbani ananunua mchele wa kupima, kitunguu kimoja, nyanya za fungu la mia tano, mafuta ya kupimiwa kwenye chupa, na mkaa wa kopo. Maharage ya sahani moja yanakula mkaa uleule ambao ungeivisha ya sahani sita. Kwa hiyo sahani ya 3,000 haigeuki sifuri ikipikwa nyumbani. Ikipikwa vizuri, kwa wingi, inaweza kushuka hadi kama 1,200. Ikipikwa moja moja kila alfajiri inaweza isishuke kabisa, na kuna wanaojaribu wiki mbili, wakaona hawapati kitu, wakarudi kwa mama lishe wakidhani wao ndio wasiojua kubana matumizi.

Mama lishe pia anatoa kitu ambacho hakipo kwenye jiko la nyumbani, nacho ni mkopo. Kaunta buku lake limechorwa mistari kwa rula: jina la mteja kwa kifupi, tarehe, na alama ya sahani. Tarehe 18 mfuko ukikauka, karani anakula, jina linaandikwa, mshahara ukiingia analipa. Hakuna riba. Mafuta ya kula yalipopanda vibaya mwaka 2022, mama lishe wengi waligusa kijiko cha mchuzi kabla ya kugusa bei, kwa kuwa wanajua mteja anakuja na noti zilizohesabiwa. Anayemwacha kabisa ili kuokoa pesa anajiondoa pia kwenye daftari hilo, na mwezi wa shida atakumbuka. Heri kumpunguza kuliko kumhama.

Kuna na jambo la aibu, ambalo watu hawalisemi kwenye semina za fedha. Katika ofisi nyingi za mjini, kufungua hotipoti yenye dagaa mezani saa saba mchana ni kujitangaza. Wenzake wanatoka kundi, wanamwambia, "Twende basi," yeye anabaki akitafuta sababu. Mafundi wa gereji hawana shida hiyo: wanachangishana, mmoja anasonga ugali wa wote, sufuria inawekwa katikati. Ofisi chache zimeiga utaratibu huo kwa kukubaliana siku maalumu za kila mtu kuja na chakula, na aibu ikaisha siku hiyohiyo, kwa sababu ilitokana na kuwa peke yake.

Michango nayo inakaa hapahapa. Kadi ya send-off, kitchen party ya binti wa mhasibu, msiba wa mjomba wa dereva, keki ya bosi: hakuna ofisi isiyokuwa nayo, na anayekataa huonekana hana utu. Ofisi zilizoweka mfuko wa kusaidiana wa kiwango kimoja kwa mwezi, unaokatwa kabla ya kila kitu, zimepunguza bahasha za kushtukiza. Hilo linatosha kusemwa.

Bando linastahili maneno zaidi, kwa sababu ndilo linaloonyesha mzizi wa mambo. Kila mtu anajua kwamba bando la mwezi mara nyingi lina MB nyingi kwa kila shilingi kuliko bando la siku. Hata mtoto wa darasa la tano anaweza kupiga hesabu hiyo. Kwa nini basi watu wazima wenye elimu wananunua la 1,000 kila siku? Sababu ya kwanza ni kwamba tarehe 12 hakuna noti mbili za elfu kumi za kutenga kwa ajili ya intaneti, lakini elfu moja haikosekani. Ya pili ni ya busara zaidi: bando la siku ni uzio. Likiisha limeisha, mtu anarudi kazini. La mwezi huliwa na video wiki ya kwanza, na wiki ya tatu mtu yuleyule ananunua la siku. Jambo hili liko pia kwenye mafuta ya kupima na sukari ya robo. Mwenye kipato kidogo hununua vidogo vya bei ghali akiwa na akili zake timamu.

Na hapo ndipo penye hoja ya mhadhara huu. Kubana matumizi kunahitaji mtaji. Kuhamia karibu na kazi kunaweza kufuta bodaboda na nusu ya nauli, lakini mwenye nyumba wa Ilala anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, pengine na ya dalali juu yake. Chumba cha 120,000 kwa mwezi kinadai 720,000 siku ya kwanza. Kupika kwa wingi kunataka mtungi wa gesi, sufuria kubwa, na mahali pa kuhifadhia maharage yasichache. Baiskeli inataka bei ya baiskeli, na inataka barabara. Barabara ya Morogoro ilijengewa njia za baiskeli pamoja na za mwendokasi, nazo zimegeuka mapito ya bodaboda. Chama cha waendesha baiskeli cha UWABA kimelalamikia jambo hilo na mengine ya aina yake miaka nenda rudi. Kila njia ya kuokoa pesa ina kiingilio, na asiyekuwa nacho anaendelea kulipa rejareja.

Nairobi inaonyesha upande wa mwisho wa mwelekeo huu. Kule nauli za matatu haziwekwi na serikali. Mvua ikinyesha au jioni ikiwadia zinapanda palepale mlangoni, makanga anatangaza bei mpya, na abiria anaamua. Alfajiri, maelfu ya wafanyakazi wa Kibera na Mukuru wanatembea kwa miguu kwenda Industrial Area, kwa sababu ujira wa kibarua ukitolewa nauli ya kwenda na kurudi haubaki na maana. Hao wamekwisha kukata kila kinachokatika. Kuwaambia wapunguze matumizi ya kwenda kazini ni kuwatania.

Mwezi usipofika mwisho, kinachofuata ni mkopo wa nauli. Ndiyo, wa nauli. Simu inatoa elfu kumi kwa dakika moja, na kesho yake elfu kumi na kitu inadaiwa. Kenya ina Fuliza ya Safaricom tangu Januari 2019, na kampuni za simu za Tanzania zina huduma zinazofanana nayo. Hizo angalau zina leseni. Pembeni yake walizuka wakopeshaji wa mitandaoni ambao mdaiwa akichelewa huwatumia ujumbe ndugu, bosi na hata mchungaji wake. Novemba 2024, Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Watu wanaiita mikopo hiyo kausha damu, na wengi walioingia humo hawakuanza na jambo kubwa. Walianza na pengo la siku nne kabla ya mshahara.

Kwa hiyo karani wa mfano afanye nini na 217,800 zake? Mhadhiri angeanza kwa kuiacha chai kama ilivyo. Chai ya saa nne ndiko anakosikia nafasi ya kazi imetangazwa wapi, fomu gani ya uhamisho imebadilika, na nani anauza kiwanja Chanika bila udalali. Tena, mtu akianza kubana kwa kujinyima kitu pekee anachokifurahia kabla ya saa saba, hamalizi mwezi.

Cha kwanza kuguswa kiwe bodaboda ya asubuhi pekee. Ili aiache, karani anatakiwa kuondoka dakika ishirini mapema, na dakika hizo hazipatikani asubuhi. Zinapatikana usiku uliotangulia: nguo zimepigwa pasi, nauli ya kesho imetengwa kwa chenji ili asivunje noti ya elfu kumi kwa soda, simu imechajiwa. Asubuhi ni ya kutekeleza tu yaliyopangwa. Hiyo inarudisha 22,000 mwezi wa kwanza, na pesa hiyo isiende kwenye kibubu. Inunue hotipoti na sufuria kubwa, yaani ilipe kiingilio cha hatua ya pili.

Hatua ya pili ni maharage. Jumamosi usiku yanalowekwa, Jumapili yanachemshwa kilo nzima, yanagawanywa kwenye vikopo, na mwenye friji au jirani mwenye friji anayagandisha. Mchele unapikwa usiku pamoja na chakula cha jioni, kwa moto uleule. Siku 13 za mwezi karani anakula chake kwa kama 1,200, siku tisa zilizobaki yuko kwa mama lishe na jina lake liko daftarini. Chakula cha mchana kinashuka kutoka 66,000 hadi 42,600, yaani pungufu ya 23,400. Ukiunganisha na bodaboda ya asubuhi, ni 45,400 kwa mwezi, zaidi kidogo ya sehemu moja ya kumi ya mshahara unaofika benki. Katika miezi ya mbele ikiingia kwenye kikundi cha akiba cha VICOBA au SACCOS ya kazini, inaweza kuwa ndiyo kodi ya miezi sita ya chumba cha karibu zaidi. Yote hayo bila kugusa daladala, bando wala chapati.

Mwajiri naye ana nafasi yake, na mara nyingi haimgharimu sana. Birika la umeme na friji ndogo jikoni mwa ofisi vinafanya kazi kuliko semina tatu za elimu ya fedha. Kuruhusu watu wa pembezoni kuingia saa mbili na nusu na kutoka saa kumi na moja kunawatoa kwenye foleni ya kufunga, na kunaua sababu ya bodaboda ya asubuhi.

Ya jioni, mhadhara huu haukuigusa, na haikusahauliwa. Karani, hasa akiwa mwanamke, anashuka daladala Gongo la Mboto saa mbili usiku. Kipande kile cha kutoka lami hadi nyumbani hakina taa hata moja, kina kona mbili ambazo kila mkazi anazijua, na elfu moja anayolipa pale hailipii uvivu wala haraka. Shilingi 22,000 kwa mwezi, kwa kila mkazi anayerudi gizani, huenda ni pesa nyingi kuliko bei ya nguzo chache za taa za sola ikigawanywa kwa nyumba zote za mtaa. Hesabu hiyo haimhusu karani na daftari lake peke yake. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa anaweza kuiweka kwenye ajenda ya mkutano ujao, akianza na idadi ya kaya na bei ya nguzo moja.